Dadu Itupwe Kabla Sijaamua

Hotuba kwa vijana wanaotengeneza gemu, Mtwara mjini

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wazazi, na ninyi wadogo zangu mliotoka Mikindani, Masasi, Newala, na mliovuka maji asubuhi hii kutoka Msanga Mkuu, habari za leo. Asalaam aleykum, na Bwana asifiwe.

Mada niliyopewa ni ndefu, nitaifupisha hivi: kwenye gemu ya mikakati, vikosi viwili vikikutana uwanjani, mshindi aamuliwe na nini? Hesabu au dadu? Najua ukumbi huu umegawanyika. Wapo waliokulia kwenye bao na drafti, wao wakiona dadu wanasema huo ni mchezo wa watoto. Na wapo waliozoea ludo na karata, wanaosema mchezo usio na bahati umekwisha kabla haujaanza, maana fundi atashinda tu, leo na kesho na mtondogoo. Nimewasikia huko nje mkibishana, na sauti zilikuwa juu. Nilifurahi. Watu hawabishani hivyo juu ya kitu wasichokipenda.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri. Bahati ina haki ya kuwepo vitani. Lakini iingie kabla mchezaji hajaamua, na kipimo chake kionekane. Ile inayoingia baada ya uamuzi iwe ndogo, na isiwe na siri hata chembe.

Tuanze na bao, kwa kuwa ndio mchezo wetu wa vita na bado unachezwa barazani hapa pwani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Kumi zimekaa ubaoni tangu mwanzo: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo kando yake. Zilizobaki 22 ziko mkononi, za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Hakuna kilichofichwa. Kete za mwenzako unaziona zote, na yeye anaziona zako. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofunikwa.

Kwa hesabu kavu ungesema mchezo kama huo hauna la kushangaza. Mwangalieni basi mzee akifika kwenye mtaji, hatua ya pili, kete za mkononi zikiwa zimeisha. Anachota kete, anazimwaga moja moja, ya mwisho inaangukia penye kete nyingine na mbele yake kuna za mwenzake. Anazila. Anaziingiza kichwani, anazimwaga tena, ya mwisho inaangukia penye kete, anachota, anaendelea. Mkono unazunguka. Watazamaji waliokuwa wanahesabu wameshapotea kwenye mzunguko wa pili. Yeye anaendelea mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu, hapo ndipo analala. Aliyekaa mbele yake, kama ni mwanafunzi, ameduwaa. Kama ni fundi, alishalijua shimo atakalolala mwenzake kabla kete ya kwanza haijadondoka.

Ubao ni ule ule, kete ni zile zile, lakini kwa mmoja mambo yanatabirika na kwa mwingine hayatabiriki. Kwa hiyo mtu akiniambia gemu yake inahitaji dadu ili isitabirike, namwuliza kwanza: umeshamaliza njia nyingine? Wingi wa hesabu peke yake unazaa mshangao. Akili ya mtu uliyekaa naye inazaa mshangao pia. Mwaka 1959 Mmarekani Allan Calhamer alitoa mchezo wa mezani uitwao Diplomacy, wa mataifa ya Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hauna dadu kabisa. Kila mchezaji anaandika amri zake kwa siri, zinafunguliwa kwa pamoja, na vikosi vyenye nguvu sawa vikigombea mahali pamoja vyote vinabaki vilipokuwa. Watu wanasalitiana humo mpaka wanaacha kusalimiana, na kanuni ya mapigano yenyewe unaweza kumweleza mtoto wa darasa la tano akaielewa.

Lakini waliokulia kwenye drafti wasishangilie mapema. Mchezo usio na bahati hata kidogo una ugonjwa wake: unaweza kumalizwa. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba drafti inayochezwa kwa sheria za Kiingereza, ambazo kingi anatembea hatua moja moja, imeshapatiwa jibu: pande zote mbili zikicheza bila kosa, matokeo ni sare. Kingi wetu anateleza mstari mzima, kwa hiyo jibu lao si jibu la drafti yetu, na hapa mjini hakuna mtu mwenye kichwa cha kukariri hayo yote. Hata hivyo mtengeneza gemu lazima alifikirie, kwa sababu gemu ndogo ya simu si bao. Ukiweka ramani moja, majeshi yale yale na matokeo yale yale kila siku, vijana wa chuo watapata njia ya kushinda ndani ya wiki moja, wataipeana kwenye WhatsApp, na kuanzia hapo hakuna anayecheza tena. Wote wanafuata njia iliyokwisha kuandikwa.

Wanajeshi wenyewe walipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1780 huko Braunschweig, Ujerumani, Johann Hellwig alitoa mchezo wa vita uliotokana na sataranji, wenye ubao mkubwa wa rangi za ardhi mbalimbali. Kikosi kikifikia mahali alipo adui, kinamla, basi, kama kwenye sataranji. Kisha akaja Reisswitz wa Prussia, dola ya Kijerumani, mwaka 1812, na mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa mizinga, akaukamilisha mchezo wa baba yake: ramani halisi, mwamuzi katikati, na dadu za kuamua risasi zimeleta madhara gani. Mkuu wa majeshi alipoonyeshwa aliusifia sana kama mafunzo ya kweli ya vita, na mfalme akaagiza usambazwe jeshini. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Verdy du Vernois, akachoshwa na wingi wa majedwali, akasema mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa busara yake. Kwa nini watu makini namna hiyo, ambao kazi yao ni vita, waliingiza dadu? Kwa sababu kamanda aliyezoea kwamba kikosi chenye nguvu kinashinda kila mara haweki akiba nyuma. Dadu ilikuwa inamfundisha kuweka akiba.

Na hatuhitaji kwenda Prussia kutafuta mfano. Ukitoka Lindi kwenda Masasi unapita Nyangao, na hapo karibu ni Mahiwa. Oktoba 1917 kulipiganwa pale kwa siku nne vita vikubwa kuliko vingi vilivyopiganwa Afrika Mashariki wakati ule. Upande mmoja alikuwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na watu karibu 1,500, askari wengi wao Waafrika. Upande wa pili majeshi ya Uingereza, watu karibu 4,900, wakiwemo Wanigeria waliozingirwa na kupigwa vibaya. Kamanda wa upande wa Waingereza, Beves, alirudia mashambulizi ya ana kwa ana kwenye mahandaki. Lettow-Vorbeck alikuwa amemwona akifanya hivyo hivyo Reata mwaka 1916, na alilitegemea hilo. Waingereza walipoteza takribani watu 2,700, Wajerumani zaidi ya 500.

Sasa ingizeni vita hiyo kwenye kompyuta. Gemu nyingi zitaandika: Mjerumani ameshinda. Lakini Mjerumani alitumia pale risasi ambazo hakuwa na njia ya kupata nyingine, na alipoteza theluthi ya watu wake. Novemba 25 alikuwa tayari anavuka Ruvuma kwenda Ngomano, upande wa Msumbiji. Ameshinda nini? Mkitengeneza mapigano, msiwaze tu swali la nani kashinda. Wazeni gharama. Ndani ya gharama ndimo mchezo ulimo, na gharama inaweza kuhesabika sawasawa bila dadu hata moja. Tena waliokufa pale walikuwa watu, wakiwemo wapagazi ambao hakuna aliyewahesabu vizuri. Atakayetengeneza gemu ya vita vile, na ningependa atokee mmoja humu, awaweke wapagazi kwenye hesabu zake. Mzigo ukikosa mbebaji, bunduki inanyamaza.

Niingie kwenye hesabu yenyewe, maana ndipo watengenezaji wengi wanapoteleza. Chukueni mchezo wa Risk, ulioanza Ufaransa mwaka 1957. Anayeshambulia anatupa dadu tatu, anayelinda anatupa mbili, wanalinganisha kubwa kwa kubwa, na sare ni ya mlinzi. Dadu tano zina namna 7,776 za kuanguka. Kati ya hizo, mshambuliaji anamwondolea mwenzake askari wawili mara 2,890. Mlinzi anamwondolea mshambuliaji wawili mara 2,275. Zinazobaki, 2,611, kila mmoja anapoteza mmoja. Kwa hiyo mshambuliaji ana faida, ndogo tu. Kwenye pambano moja faida hiyo huioni. Ukishambulia na askari arobaini dhidi ya thelathini, mitupo inakuwa mingi, bahati mbaya inafidiwa na nzuri, na faida ile ndogo inaanza kuonekana kama ukuta.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza: mitupo mingi midogo inatulia, mtupo mmoja mkubwa unachafua. Mzinga wenye uwezekano wa asilimia 60 wa kupiga, na ukipiga unaondoa uhai 10 kwa mkupuo, utakosa kabisa mara nne katika kumi. Ugawe mzinga huo huo uwe risasi tano za uhai 2 kila moja, uwezekano ule ule wa asilimia 60. Wastani haujabadilika, bado ni 6. Lakini kukosa zote tano sasa ni karibu mara moja tu katika mia. Mchezaji hataziona hesabu zako, ila mwili wake utazihisi. Gemu ya kwanza ataiita ya kubahatisha, ya pili ataiita ya vita.

Gemu ya kompyuta ya Civilization, ya mwaka 1991, iliumia hapo hapo. Pambano liliamuliwa kwa mkupuo mmoja, na watu wakaanza kusimulia jinsi wenye mikuki walivyoangusha vifaru na meli za kivita. Sid Meier, aliyeitengeneza, alizungumzia mambo haya mwaka 2010 mbele ya watengeneza gemu wenzake San Francisco. Alisema mchezaji aliyepewa nafasi ya tatu kwa moja akishindwa anakasirika, anaona kaonewa. Mchezaji huyo huyo akiwa dhaifu, moja kwa tatu, akashinda, halalamiki. Anaona ni akili yake. Nawaomba mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Siri ya pili ni mahali bahati inapoingia. Kila mkulima wa korosho hapa analijua jambo hili kuliko mimi. Bei ya mnada haimtii mtu. Lakini inasomwa hadharani wakulima wakiwa wamekaa, na wanayo nafasi ya kuikubali au kuikataa, na tumeshaona minada ambayo walikataa wakarudi nyumbani. Bahati imekuja kwanza, uamuzi ukafuata. Fikirieni sasa umeshasaini kuuza, gari limeshaondoka, ndipo mtu anatupa dadu kuamua utalipwa kiasi gani. Bei inaweza kuwa ile ile, lakini hakuna hata mmoja angesema mambo hayo mawili ni sawa.

Kwenye gemu ni hivyo hivyo. Into the Breach, iliyotoka mwaka 2018, ina ubao mdogo wa nane kwa nane na mashine tatu za mchezaji. Wadudu wanaotokea, na mahali wanapotokea, ni bahati. Lakini kila mdudu anaonyesha anakusudia kupiga wapi kabla hujasogeza kitu. Ukimsukuma hatua moja, pigo lake linaangukia mwenzake. Ukimaliza zamu yako unajua karibu kila kitakachotokea. Nasema karibu, kwa kuwa majengo yana nafasi ndogo ya kustahimili pigo, na nafasi hiyo imeandikwa kwenye kioo na inakusaidia wewe tu. Ukishindwa humo, huna wa kumlaumu. Unarudi unasema: ningemsukuma kushoto.

Ile ya Kiswidi, Polytopia, iliyoanza mwaka 2016, mnayo wengi kwenye simu. Mapigano yake hayana bahati kabisa: shujaa mwenye uhai fulani akimpiga mlinzi mwenye uhai fulani, jibu ni lile lile leo na mwakani. Bahati yote imewekwa kwenye ramani. Umezaliwa wapi, kuna samaki au milima, jirani yako ni nani, ndani ya mawingu kuna nini. Ndiyo maana haikaririki kama drafti ya ramani moja niliyowaambia, na ndiyo maana mtu akishindwa pambano hatupi simu.

Sisemi bahati ya baada ya uamuzi ifutwe yote. Battle for Wesnoth, ya bure kabisa, iliyoanzishwa na David White mwaka 2003, imejaa asilimia. Mtu wa msituni akiwa msituni ni mgumu kumpiga, akiwa uwandani ni mwepesi. Kuna watu wanaichukia kwa hilo. Mimi naitetea, kwa sababu kabla hujashambulia inakufungulia dirisha la hesabu: uwezekano wa wewe kufa ni huu, wa adui kufa ni huu, wa wote kubaki ni huu. Hapo bahati imevuliwa nguo. Ukiamua kujaribu, umejaribu ukiwa macho.

Kuna njia ya katikati ninayoipenda kuliko zote, na haigharimu kitu. Chukua mfuko wa kitambaa. Weka komwe saba za kijivu, na tatu ulizopaka rangi ya kucha nyekundu. Kijivu umepiga, nyekundu umekosa. Unatoa moja bila kuangalia, na hurudishi. Mfuko ukiisha, unarudisha zote kumi na kuchanganya upya.

Uwezekano ni asilimia 70, kama dadu ya kompyuta. Tofauti ni kubwa. Kwa dadu, kukosa mara nne mfululizo kutatokea karibu mara nane katika kila elfu, na kwenye gemu yenye mapigo maelfu maana yake kutatokea, na kutamtokea mtu siku anayoihitaji sana. Ndani ya mfuko mmoja hakuwezi kutokea, kwa kuwa nyekundu ni tatu tu. Na sikilizeni linalofuata. Mchezaji akipiga sita mfululizo, kwenye dadu anavimba kichwa. Kwenye mfuko anaanza kuogopa: zimebaki nne, moja ya kijivu na tatu nyekundu. Pigo lake lijalo lina nafasi moja katika nne. Basi harushi mzinga mkubwa sasa, anarusha mshale wa bei ndogo azimalize nyekundu kwanza. Bahati imegeuka kuwa kitu cha kusimamia. Gloomhaven, mchezo wa mezani wa mwaka 2017, inafanya kazi kwa mtindo huo, kila shujaa na karata 20 za kurekebisha mapigo yake, na mchezaji anajenga fungu lake kadiri anavyokomaa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, na naomba mnivumilie nikipandisha sauti.

Gemu nyingi zinazoonyesha asilimia zinasema uongo. Zinasema kwa nia njema, lakini zinasema uongo. Fire Emblem ya Nintendo, kuanzia toleo la mwaka 2002, badala ya kutoa namba moja ya nasibu ilitoa mbili na kuchukua wastani wake. Matokeo ni kwamba ukiona imeandikwa 90, ukweli ni karibu 98. Ukiona 70, ukweli ni 82. Ukiona 30, ukweli ni 18. XCOM ya mwaka 2012, kwenye ngazi zake nyepesi, inamwongezea mchezaji nafasi kwa siri akiwa amekosa mfululizo. Sababu ni ile ya Sid Meier: mtu anataka 90 imaanishe kila mara. Basi wakampa anachotaka, wakaacha namba ile ile kwenye kioo.

Mtasema kuna ubaya gani, wachezaji wanafurahi. Ubaya ni huu. Kijana aliyecheza mapigo maelfu ya namna hiyo amejifunza hesabu kwa mwili wake. Amefundishwa kwamba 70 ni kitu cha uhakika. Kisha anatoka hapo anakwenda kubeti. Anaweka timu saba kwenye mkeka, kila moja anaiona ya asilimia 70, ya uhakika. Kwenye gemu yake ya uongo, mambo saba ya aina hiyo yanatimia yote karibu mara moja katika nne. Duniani yanatimia mara nane tu katika mia. Tena hapo nimempa 70 ya kweli, wakati mwenye duka ameshajikatia fungu lake. Mkeka unachanika, anasema timu moja tu imeniangusha. Haikuwa timu moja. Ilikuwa hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa hivyo tangu alipolipa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sura ya uwezekano naifundisha darasani kwa muda mfupi, na wengi wanaisahau mtihani ukipita. Gemu inaifundisha kila jioni, kwa furaha, bila kiboko. Haijawahi kutokea kwa walimu wa hesabu kupata msaidizi mwenye nguvu hivyo, na msaidizi huyo tunamwachia aseme 70 ni 82? Siwezi kukubali. Ukiona wachezaji wako wanaumia na 70, badilisha kanuni yako iwe 82 na uandike 82. Au tumia mfuko. Au gawa pigo kubwa liwe madogo. Njia zipo tele, na hakuna hata moja inayohitaji kumdanganya mtu aliyekuamini.

Kwa wanaoandika programu, nina agizo dogo la kiufundi. Namba ya nasibu itolewe mwanzo wa zamu, kabla mchezaji hajagusa kitu, kisha ihifadhiwe. Mkiitoa wakati wa pigo, mchezaji atahifadhi mchezo, atapiga, atakosa, atafungua tena, atapiga tena, mpaka apate. Ameacha kufikiri, anavuna dadu. Mkiitoa mapema na kuihifadhi, kurudia hakumsaidii, na anarudi kwenye kazi ya kupanga. Badiliko hilo ni la mistari michache tu.

Wazee wa bao niliowaalika wamekaa meza ya dirishani, na nawashukuru kwa kuja. Kila mwenye gemu akakae nao kwanza, awaeleze kanuni zake za mapigano kwa mdomo bila kufungua kompyuta. Wakikuuliza swali usiloweza kulijibu, liandike. Kisha njoo meza ya pili. Pale nimeweka dadu, mifuko ya komwe na karatasi za hesabu. Pambano lako litachezwa mara thelathini kwa dadu, mara thelathini kwa mfuko, na mara thelathini bila bahati yoyote, na kila aliyeshindwa ataulizwa jambo moja tu: ungefanya nini tofauti? Andikeni majibu kama yalivyotamkwa. Pambano ambalo aliyeshindwa anajibu "hakuna" mara nyingi, kanuni zake tunazifungua leo hii hii, kabla ya chakula cha mchana. Tuanze na kikundi cha Newala.